Bastola ya zamani: anza na springi

Ukishapata leseni na bastola yako ya zamani, tuseme Browning Hi-Power, muundo wa 1935, usikimbilie vishikio vipya vya mbao. Anza na springi ya kurudisha slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma bastola ikifyatuliwa. Springi ikichoka, slaidi hugonga fremu, yaani mwili wa bastola, kwa nguvu, na chuma cha miaka mingi kinaweza kupasuka. Toa magazini, vuta slaidi, kagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na kwa kidole, ndipo uifungue. Huku Mwanza unyevu wa ziwa haupumziki, kwa hiyo usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi: ngozi hushika maji, na kutu huanzia pale inapogusa chuma. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, uifungie kwenye sefu kavu. Triga mwachie fundi wa silaha mwenye kibali.