Kuchavusha pasheni ya njano kwa mkono

Pongwe mpaka Muheza, mkoani Tanga, malalamiko ni yaleyale: pasheni imechanua vizuri, kisha maua yote yamepukutika. Watu hukimbilia mbolea. Mara nyingi kilichokosekana ni chavua ya mmea mwingine. Pasheni ya njano huikataa chavua yake yenyewe, tofauti na ile ya zambarau ya kule Lushoto, ambayo hujirutubisha.

Tazama ua. Juu kuna stigma tatu, yaani sehemu zinazopokea chavua, mfano wa vichwa vya misumari. Chini yake vifuko vitano vya chavua vimeinamia chini, na katikati kiyai cha kijani, ndicho tunda lenyewe. Nyuki wadogo hukomba chavua bila kugusa stigma. Anayefaa ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kwa sababu mgongo wake unafika juu. Akiadimika, fanya wewe.

1. Maua hufunguka karibu na saa sita mchana na hujifunga usiku huohuo, hayarudi tena. Ingia shambani kuanzia saa saba.

2. Kagua stigma. Mwanzoni husimama wima, kisha hujikunja taratibu mpaka zikaribiane na vifuko. Zikigoma kujikunja, ua hilo halizai, ila chavua yake ni nzuri, itumie kwingine.

3. Chuma vifuko viwili vitatu vya mmea mmoja. Unga ukibaki kidoleni, umeiva. Pakaza stigma zote tatu za ua la mmea mwingine mpaka ziwe njano.

4. Funga uzi kwenye kikonyo upate kumbukumbu. Baada ya siku chache kiyai kinavimba au kinadondoka.

Usibanie chavua. Punje moja hurutubisha kijiyai kimoja kati ya vingi vilivyo ndani ya kile kiyai, nacho huwa mbegu moja, na juisi yote ya pasheni imo kwenye vifuko vinavyozunguka mbegu. Tunda kubwa lakini jepesi mkononi, ganda tupu, lilipata chavua kidogo. Mvua nayo ni adui: chavua ikilowa hupasuka, kwa hiyo ikinyesha muda mfupi baada ya kupakaza, hesabu maua hayo yamepotea.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, miche yangu 20 nilikata vipando kwenye shina moja la jirani. Nachavusha kila siku, sipati kitu.*

Pole, ndugu. Vipando vya shina moja ni mmea uleule mara 20. Kwa sasa omba maua ya shamba jingine, uyatumie mchana huohuo. Msimu ujao changanya miche ya mbegu kutoka matunda ya mashamba tofauti.

*Dawa ya wadudu nipige saa ngapi?*

Giza likishaingia, maua yakiwa yamefunga. Ukipiga mchana unaua nyuki walewale unaowahitaji. Tena usichome magogo makavu yote pembeni mwa shamba, humo ndimo yule nyuki mweusi anamotaga.

*Nitavuna lini?*

Miezi miwili hadi miwili na nusu tangu uchavushe. Liache lidondoke lenyewe, uokote kila siku.