Kuweka DNS ya Kinyume kwa Seva Iliyoko Nyumbani

Mtu mwenye seva ya barua pepe nyumbani kwake Tabata au Mbezi anaweza kuisimamia karibu yote mwenyewe, isipokuwa DNS ya kinyume, yaani mfumo wa majina ya mtandao unaposomwa kutoka kwenye anwani kurudi kwenye jina, ambayo seva zinazopokea barua, kama za Gmail, huidai. Rekodi ya A, inayotoka kwenye jina kwenda kwenye anwani ya IP, huwekwa na mwenye jina. Rekodi ya PTR, inayotoka kwenye anwani kurudi kwenye jina, huwekwa na mwenye anwani. Barani Afrika anwani hizo hugawiwa na AFRINIC, shirika la kusajili anwani za intaneti lenye makao yake Mauritius, na kampuni ya intaneti inayozipokea ndiyo inayokabidhiwa pia eneo lake la in-addr.arpa, yaani sehemu ya DNS inayohifadhi PTR za anwani hizo. Kwa sababu hiyo, kuandika PTR katika paneli ulikosajili jina lako la .co.tz hakutabadilisha kitu.

Kabla ya kuomba lolote, fungua ukurasa wa ruta na usome anwani ya upande wa WAN, yaani upande unaoelekea intaneti. Ikiwa namba yake ya kwanza ni 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue kwamba mnatumia anwani moja ya umma wateja wengi, na PTR ya anwani hiyo haiwezi kuwa yako peke yako. Omba kwanza anwani ya umma isiyobadilika, ambayo mara nyingi hulipiwa zaidi. Kutobadilika huko ni muhimu sana, kwani umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, anwani ya kawaida inaweza kuwa nyingine kabisa.

Tuchukue kwamba umepewa 203.0.113.25 na jina la seva ni mail.mfano.co.tz. Weka rekodi ya A kwanza, kisha uandikie kampuni barua pepe fupi isiyoacha swali:

“Habari za kazi. Naomba rekodi ya PTR ya anwani 203.0.113.25 ielekezwe kwenye mail.mfano.co.tz. Rekodi ya A ya jina hilo tayari inaelekea kwenye anwani hiyo. Tafadhali fikisheni ombi hili kwa wahandisi wa mtandao.”

Sentensi ya mwisho usiiache, kwa kuwa anayepokea maombi ya wateja mara nyingi si yule anayegusa seva za DNS.

Ukijibiwa kwamba kazi imekamilika, hakikisha mwenyewe kwa dig, amri inayouliza DNS:

dig -x 203.0.113.25 +short
dig mail.mfano.co.tz +short

Amri ya kwanza irudishe jina, na ya pili irudishe anwani ileile. Jibu la zamani likiendelea kuonekana, subiri TTL iishe, yaani muda ambao seva nyingine huhifadhi jibu la DNS. TTL ya sekunde 86400 ni siku nzima. Jina hilohilo ndilo seva ijitambulishe nalo, na katika Postfix, programu ya seva ya barua pepe, huandikwa kwenye myhostname. Pia anwani moja iwe na PTR moja tu, maana zikiwa mbili huwezi kujua seva ya upande wa pili itasoma ipi.

Seva yenye IPv6, aina mpya ya anwani za IP, inahitaji PTR ya anwani hiyo pia. Gmail hudai PTR kwa anwani za aina zote mbili, IPv4 ya kawaida na IPv6, kwa hiyo kama kampuni yako haiwezi kuiweka ya IPv6, andika inet_protocols = ipv4 katika Postfix na uiwashe upya.

Kampuni ikikataa kabisa, au ikiwa imefunga poti 25, ambayo seva hutumiana barua kupitia kwake, kodi seva ndogo ya mbali ambayo paneli yake inakuruhusu kuweka PTR, pitishia humo barua zinazotoka, na uongeze anwani yake kwenye rekodi yako ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Barua zenyewe zitaendelea kuhifadhiwa nyumbani.