Ukimsifia mpiga gitaa anayeanza, taja dakika

Mimi napiga gitaa na kuimba kwa kujifurahisha tu, na komenti iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa fupi hivi: "1:42 hapo uliposhusha sauti ukaacha gitaa peke yake, rudia tena." Kwa hiyo ukipenda video ya mtu usiishie "moto sana" au vikopa kumi, andika dakika na sekunde halafu useme nini kimekugusa hapo. Sisi tunaojirekodi chumbani hatuna prodyuza wa kutuambia kipi kimekaa, "umetisha" inafurahisha ndio lakini kesho ukishika gitaa hujui urudie nini. Na YouTube ukiandika 1:42 inageuka linki yenyewe, anabonyeza anafika palepale, na mashabiki wengine nao wanaenda kusikiliza.

Inagoma wapi:
1. Mwenye video akiifuta akapandisha upya imekatwa mwanzo, dakika zinahama, so ongeza na neno la mstari wenyewe.
2. Kama ni kosa, mfano uzi haujatyuniwa, mtumie inbox. Ukimtajia sekunde mbele ya watu wote watakimbilia hapohapo kucheka, na wengine wakichekwa hivyo hawaposti tena.
3. Klipu ya sekunde 15, aah, hapo achana na kutaja sekunde tu.