Somo: Snodropu za ajabu, kuanzia kitunguu kimoja

Habarini wenzangu. Mwezi wa pili ndio huu. Hapa Uingereza watu wengi bado wamejifungia ndani na hita zao, mimi niko uani nimepiga magoti kwenye tope, tochi mkononi. Majirani wamenizoea. Ninachokikagua ni kiua cheupe cha urefu wa shibiri moja hivi, kinachoinamisha kichwa kama mwali: snodropu. Jina lake la kitaalamu ni Galanthus, yaani ua la maziwa kwa Kigiriki.

Ukiyaona kwa mbali utaapa kwamba yote ni mamoja. Inama, uliinue ua kwa kidole. Nje lina petali tatu ndefu, ndani tatu fupi zenye alama ya kijani, na ugomvi wote wa wakusanyaji uko hapo. Alama ni moja au mbili? Kijani kimepanda hadi petali za nje? Au si kijani kabisa, ni njano? Spishi ni kama 20 tu, lakini aina zilizopewa majina zimepita 1,000.

Hatua ya 1: Anza na zenye nguvu

Mwanzoni msikimbilie za bei kali. Mwaka 2015 kitunguu kimoja (kile kiini cha chini ya ardhi ambacho ua huota kwacho, si cha kula) cha aina ya 'Golden Fleece' kiliuzwa mnadani kwa pauni 1,390, na mwaka 2022 'Golden Tears' ikafika pauni 1,850. Hizo tuwaachie wenyewe. Mimi nilipoanza nilitoa pauni 40 kwa moja ya njano, nikaichimbia mahali panapotuamisha maji. Mwaka uliofuata kilichochomoza ni lebo peke yake.

Anzeni na 'S. Arnott': kubwa, imara, na siku jua likitoka inafunguka na kunukia asali. 'Magnet' ina kikonyo kirefu chembamba, upepo mdogo tu ua linacheza. 'Viridapice' ina ncha za kijani nje. Zikikaa vizuri kwako misimu miwili mitatu, hapo chukua 'Wendy's Gold', ya njano. Iligunduliwa mwaka 1974 huko Wandlebury, karibu na Cambridge, na mlinzi wa eneo lile, na jina ni la mkewe. Kwa ua la njano ina nguvu, na bei yake haitakukosesha kodi ya nyumba.

Kabla ya kununua, nenda kaone kwa macho. Colesbourne Park kule Gloucestershire na Anglesey Abbey karibu na Cambridge hufungua bustani zao msimu huu, kila moja ikiwa na aina kwa mamia. Colesbourne ndiko alikoishi Henry John Elwes, aliyeleta vitunguu kutoka Uturuki katika karne ya 19. Spishi ya Galanthus elwesii ina jina lake.

Hatua ya 2: Nunua mmea ukiwa na majani

Vile vitunguu vikavu vya kwenye pakiti, vinavyouzwa madukani kuelekea baridi, vingi vimeshakauka hadi ndani. Ganda lake ni jembamba, hakivumilii kama kitunguu maji cha jikoni. Nunua Februari au Machi, majani yakiwa mabichi, upande siku hiyohiyo. Wauzaji wazuri pia huving'oa Juni au Julai vikiwa usingizini. Hivyo navyo ni sawa mradi visikae.

Hatua ya 3: Mahali

Chini ya mti unaopukutisha majani: wakati wa baridi zinapata mwanga, kiangazi zinapata kivuli. Udongo uwe na unyevu lakini upitishe maji, uchanganye na mboji ya majani. Kina ni sentimita 10 hivi. Zile za thamani nazipanda ndani ya vikapu vya plastiki vyenye matundu, kama vya mimea ya bwawani, ili nijue zilipo na zisichanganyikane.

Hatua ya 4: Lebo, halafu ramani

Ifikapo Juni majani yameshakufa na ardhi iko tupu. Ndege watang'oa lebo, au wewe mwenyewe utapiga jembe hapohapo. Chora ramani kwenye daftari. Kata pia vibumba vya mbegu, kwa sababu sisimizi huzibeba mbegu kwa ajili ya kipande kitamu kilichogandia juu yake, na miche itakayoota katikati ya shada lako haitakuwa aina uliyoilipia.

Hatua ya 5: Kuzidisha

Njia rahisi ni kugawa. Kila baada ya miaka mitatu, maua yakishanyauka, inua shada kwa uma wa bustani, litenganishe kwa vidole, rudisha kwa kina kilekile, mwagilia. Usipande vyote sehemu moja. Kimoja mpe rafiki. Chako kikifa, unajua pa kwenda kuomba.

Njia ya pili inahitaji roho ngumu: unakikata kitunguu chako cha thamani. Fanya Juni au Julai. Safisha kisu kwa spiriti. Punguza mizizi na ncha ya juu, kisha kikate wima vipande vinane, kila kimoja kikiwa na sehemu ya kitako, yaani pale chini inapotokea mizizi. Halafu tenganisha magamba mawilimawili, bado yameshikana na kitako. Bila kitako hakuna kitu, ni takataka. Yapake dawa ya kuvu, yatie kwenye mfuko wa plastiki wenye vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu kidogo, funga, weka gizani kwenye joto la nyuzi 20 hivi kwa wiki 12. Chungulia kila wiki, utoe kilichooza. Mwishoni utaona vitunguu vidogo kama punje za mchele. Uvipande kwenye chungu, usubiri ua miaka mitatu au minne. Jaribuni kwanza na aina ya bei rahisi, tafadhalini.

Maswali ya wanachama

*Shangazi, mimi naishi ghorofani, nina roshani tu. Inawezekana?*

Inawezekana, kwenye chungu kirefu. Usikiingize ndani kwenye joto, maana baridi ndiyo inayoiamsha. Kiangazi kisogeze kivulini, na udongo usikauke kuwa vumbi.

*Msitu wa karibu na kwetu umejaa tele. Nikichimba vichache nani atajua?*

Mdogo wangu, usithubutu. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Na Galanthus zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, hivyo kuvivusha mipaka kuna vibali vyake.

*Nataka kumpelekea mama Lushoto. Kule si kuna baridi?*

Baridi ya Lushoto ni ya kujifunika shuka mbili, dada. Hiki kinataka miezi ya baridi kali. Hata ukipata vibali vyote na cheti cha afya ya mimea, kitaoza. Urujuani wa Usambara, ua ambalo Wazungu huliita African violet, ulitoka kwetu ukazoea madirisha yao. Snodropu yao haikubali kulipa deni hilo kwa kuja kwetu.

*Majani yangu yana ncha nyekundu, kama yameungua.*

Hiyo ni kuvu, inaitwa Stagonospora. Ukiona ukungu wa kijivu kwenye machipukizi, ni nyingine, Botrytis. Zote mbili: ng'oa mmea wenye ugonjwa, tupa kwenye pipa la taka, si kwenye mboji.

*'Lady Elphinstone' niliinunua ya njano, mwaka huu imetoa kijani. Nimetapeliwa?*

Hapana kaka. Huyo bibi akihamishwa hununa, anatoa kijani mwaka mmoja au zaidi. Usimguse.

*Shangazi, una 'S. Arnott' ya ziada?*

Ninayo. Nagawa wiki ya kwanza ya Machi. Njoo na chungu chako, si mfuko wa nailoni kama mwaka jana.