Jinsi ya kuipa maana nembo ya ngao yako

Nembo yangu ya kwanza niliijaza simba, tai, mizani, kitabu na nyota saba. Nikaibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua kumi, nikaona doa tu. Nembo za ngao, yaani alama za mtu au ukoo zinazochorwa juu ya ngao, zilianza Ulaya katika karne ya 12, na ngao ya mpanda farasi ilitakiwa itambulike kwa mbali. Kwa hiyo anza kwa kupunguza.

Usianzie kwenye orodha zinazodai nyekundu ni ushujaa na buluu ni uaminifu. Waandishi wa baadaye ndio waliozitunga. Maana unaipa wewe. Mama yangu alitulea watoto watatu kwa kushona nguo za watu. Simba hakuwahi kuingia maishani mwetu, sindano ilikuwemo kila siku. Basi nikafuta vyote, nikabakiza sindano tatu.

Waweza pia kulichezea jina lako, jambo ninalolipenda sana. Castilla na León, falme za zamani za Hispania, zilifanya hivyo: Castilla ilibeba ngome na León ikabeba simba, kwa kuwa ndivyo majina hayo yanavyosikika Kihispania. Anayeitwa Nyuki ana nembo tayari.

Kwenye rangi, kuwa makini kuliko kwingine kote. Dhahabu na fedha, yaani manjano na nyeupe, huhesabiwa kuwa metali. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Ufalme wa Yerusalemu, ule wa wakati wa Vita vya Msalaba, uliweka misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na ngao hiyo hutajwa hadi leo kwa kuivunja kanuni. Mimi nilitaka sindano za fedha juu ya dhahabu, nikiwaza utajiri wa malezi tuliyopata. Zilipotea kabisa! Nilipoweka buluu chini yake, zikang'aa.

Kumbuka kwamba kulia kwa ngao ni kulia kwa anayeishika, si kwa anayeitazama. Mnyama kwa kawaida huelekea upande huo.

Kaulimbiu iwe fupi. Yangu ni maneno ya mama kila mshono ulipokwenda upande: "Fumua, shona upya."

Usichukue nembo ya mtu kwa sababu tu mnashiriki jina la ukoo. Uingereza, kwa mfano, haki ya kubeba nembo hutolewa au kuthibitishwa na College of Arms, taasisi rasmi ya nembo iliyoanzishwa mwaka 1484, na jina pekee halitoshi.

Mwisho, ieleze nembo yako kwa maneno, maana maelezo ndiyo nembo yenyewe. Mchoro waweza kubadilika. Yangu husomeka hivi: ngao ya buluu, sindano tatu za fedha zilizosimama, mbili juu na moja chini. Nilimpa rafiki maneno hayo bila kumwonyesha mchoro. Sindano zake zilitoka nene kuliko zangu, na ngao ikachongoka zaidi, lakini nilipoiona tu niliijua kuwa ni yetu.