Unautaka udaktari kweli au unataka koti jeupe tu?

Kabla hujaomba SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, tulia kwanza, mana kufaulu PCB (fizikia, kemia na biolojia) skuli sio kuwaweza wagonjwa. Piga hesabu, miaka 5 ya chuo na mmoja wa intanishipu, ubingwa bado, na wenzio washaoa zamani. Halafu nenda hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja, au ya Chake Chake kama uko Pemba, uombe ruhusa ukae hata wiki, wakikubali zamu ya usiku ndo bora zaidi, uone damu na matapishi na mama anavyolia mtoto kazidiwa, ukitoka hoi lakini kesho unataka kurudi basi hiyo dalili nzuri. Baba akijisifu barazani "mwanangu daktari", jiulize nani anayeutaka, wewe au yeye? Famasia, maabara na uuguzi navyo vipo, kaviulizie.