Jinsi ya kufanya Family Feud ya mtaani kwetu, hapa hapa Mombasa

Idd ikikaribia kila mtu barazani anauliza tufanye nini wazee na watoto wafurahi pamoja, mi jibu langu ni moja, fanyeni Family Feud, ule mchezo wa tivii wa familia mbili. Mnataka daftari, sufuria mbili na watu wa kuuliza, basi.

Mchezo wenyewe ulianza Marekani 1976, Waingereza wakauchukua 1980 wakauita Family Fortunes, na Wafaransa nao 1990 wakaupa jina lao. Familia mbili, kila moja watu watano. Maswali yanakua yashaulizwa watu 100 kabla, na kazi ya mchezaji ni kukisia wale 100 walisema nini, hata kama walichosema si kweli. Hapo ndo wengi wanapotea. Mwenye digrii anaweza kushindwa na muuza mabuyu, manake huyu anawajua watu.

Kwa hivo msitafsiri maswali! Sisi mara ya kwanza tulichukua ya Marekani tukayageuza Kiswahili, swali la kwanza tu "taja kitu kinachowekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba", uwanja kimya, bibi mmoja pale mbele akauliza "mwanangu, chini ya nyumba si mchanga tu?" Na haki alikua nayo. Wahindi walilijua hili, 2000 walipouleta ule mchezo wa milionea wa Uingereza waliuita Kaun Banega Crorepati, sababu wao pesa nyingi wanahesabu kwa krori, ndo milioni 10, afu Amitabh Bachchan akawa anaiambia kompyuta ifunge jibu, "lock kiya jaye", na huku wengi wanalijua neno hilo na Kihindi hawakijui.

Sasa shika daftari. Nenda Likoni, anaesubiri feri ana muda wa kujibu, nenda Marikiti, nenda kwa muuza kahawa jioni. Uliza mmoja mmoja, ukiuliza kundi mkubwa wao atasema na wengine watafuata. Wanawake na wanaume wawe sawa. Maswali yawe ya maisha: mahamri unakula na nini? Kitu gani jirani huazima asirudishe? Mtu akichelewa harusini husingizia nini? Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka gani usiulize, hilo jibu lake ni 1593 tu na halina cha kukisia.

Ukirudi nyumbani unganisha majibu, alosema mbaazi na alosema mbaazi za nazi ni kitu kimoja. Jibu la mtu mmoja peke yake liache. Watu 40 wakisema mbaazi, hizo ni pointi 40. Andika yale makubwa sita kwenye kadibodi, funika kila moja kwa karatasi na selotepu, na selotepu iwe kidogo, la sivyo ukibandua jibu linachanika nalo.

Siku yenyewe wawili wanasimama mbele, kila mtu na sufuria yake na mwiko, anaepiga kwanza anajibu kwanza. Mwenye jibu kubwa familia yake inaendelea, wakikosa mara tatu wapinzani wanapewa jibu moja tu, wakipata wanazoa pointi zote. Hapa sisi tuliongeza letu la vitendawili: familia ikishakosa mara tatu uwanja mzima unapiga kelele "tupe mji!" na lazima watoe, haya chukueni Lamu, ndo wapinzani wajibu. Wazee wanapenda hapo kushinda pote, wallahi.

Kiingilio msichangishe kisha mshindi akazoa, hiyo ni kamari na nyumba nyingi hazitaleta watu. Omba duka la mtaa litoe mchele, au kina mama wapike sinia la biriani.

Fainali ni wawili wa familia iloshinda. Wa kwanza maswali matano kwa sekunde 20, wa pili yale yale kwa sekunde 25 na jibu la mwenzake haruhusiwi kurudia, wakifika pointi 200 sinia ni lao. Huyo wa pili apelekwe ndani kabisa, redio iwashwe kwa sauti na mtu mzima akae nae, watoto wa huku wanapenyeza majibu dirishani.